Petroli ya oktani ya juu kwa skuta za Mtwara: nani ana hoja?

Skuta mpya ikiingia Mtwara mjini, iwe imeletwa na mtumishi aliyehamishiwa huku au na kijana aliyeishusha kwenye buti la basi la Dar es Salaam, ubishi wa kijiweni huanza hata pleti namba haijafungwa: iwekewe petroli ya kawaida au itafutiwe "ile kali"? Kambi ya kwanza inasema petroli ni petroli, skuta si ndege. Kambi ya pili inasema ukiipa mafuta hafifu utanunua pistoni kabla msimu wa korosho haujaisha. Wote wana chembe ya ukweli, ila naona wanabishania namba huku balaa kubwa likiwa kwenye chupa. Nitafika huko.

Tuanze na namba yenyewe, maana wengi huichukulia kuwa kipimo cha nguvu. Oktani ni uwezo wa petroli kuvumilia joto na mgandamizo bila kujiwasha yenyewe. Kwenye mizani yake isooktani safi imepewa 100, heptani imepewa 0, na petroli ya RON 95 (RON ni jina la kipimo hicho cha oktani) ni ile inayovumilia sawa na mchanganyiko wa 95 kwa 5 wa vitu hivyo viwili. Ndani ya silinda, cheche ya plagi ndiyo inayotakiwa kuwasha, kisha moto usambae hadi ukutani. Injini ikipewa oktani ndogo kuliko inayohitaji, mafuta yaliyobaki pembeni hayasubiri zamu yake. Yanalipuka yenyewe kabla moto haujayafikia. Hapo ndipo fundi anasema injini inagonga. Mlio wake ni kama maharage makavu yakitikiswa ndani ya kopo, na ukiuachia uendelee, kichwa cha pistoni huliwa na gasketi ya silinda hedi huungua.

Injini isiyogonga haipati kitu kwa kuongezewa namba. Lita ya 98 haina moto mwingi kuliko lita ya 91. Magari mengi ya kisasa yana kihisi kinachosikiliza kugonga huko kwa injini na kusogeza muda wa cheche, kwa hiyo baadhi yake huweza kufaidi petroli bora. Skuta nyingi ndogo hazina kihisi hicho. Cheche hupiga pale pale palipopangwa kiwandani, uweke 91 au 98.

Kwa hiyo kambi ya petroli ya kawaida inaanza na hoja nzito. Skuta za cc 110 hadi 125 kwa kawaida huundwa na kompresheni (kiasi ambacho hewa na mafuta hubanwa ndani ya silinda) ya 9 au 10 kwa 1 hivi, na vitabu vya nyingi huomba RON 91. Hata kompresheni kubwa pekee haitoshi kukuhukumu. Honda PCX mpya ina 12 kwa 1, na bado kampuni inaridhika na 91, kwa sababu injini inapozwa kwa maji na mafuta yanaingia kwa injekta kwa kipimo. Kuna na hili ambalo mafundi wa bodaboda hulisahau: skuta haina gia za kubadilisha, ina mkanda na puli zinazojipanua zenyewe. Mlima wa kwenda Newala ukianza, mkanda unaipandisha injini mizunguko bila kumuuliza dereva. Mwenye pikipiki ya Boxer anayeng'ang'ania gia ya nne huku amebeba mishikaki, yaani abiria zaidi ya mmoja, ndiye anayeipa injini mazingira ya kugonga: mizunguko midogo, mzigo mkubwa. Ushauri wa bodaboda hauhamii kwenye skuta hivi hivi.

Kambi ya pili nayo haiongei hewani. Vespa za sasa za cc 150 zina kompresheni ya 10.5 kwa 1, zinapozwa kwa hewa, na Piaggio, kampuni inayoziunda, inaomba 95. Anayeipa hiyo 91 kwa kuwa jirani mwenye Honda hana tatizo anajidanganya. Halafu kuna mahali tulipo. Mtwara, Mikindani na Lindi ziko usawa wa bahari, hewa ni nzito, silinda inajaa vizuri zaidi na mgandamizo unapanda. Marekani, kwenye majimbo ya milimani, huuza petroli ya namba ndogo kuliko ya pwani kwa sababu hiyo hiyo, hewa ya juu ni nyepesi. Ongeza joto la Novemba na Desemba, injini iliyofunikwa plastiki pande zote na kupozwa kwa feni ndogo, abiria mmoja na gunia nyuma. Ongeza pia masizi. Skuta iliyokula miaka, iliyojaa kaboni juu ya pistoni, chumba chake cha kuwakia kimepungua, na masizi yenyewe hubaki mekundu na kuwasha mafuta kabla ya wakati. Skuta ya namna hiyo inaweza kugonga kwa petroli ile ile iliyokuwa inaitosha ikiwa mpya. Sioni ubaya wa mtu kutaka akiba ya pointi mbili tatu hapo, ingawa kusafisha hedi kunatibu ugonjwa na petroli ya juu inatuliza maumivu tu.

Tahadhari ndogo kwa wanaojifunza kwenye video za Marekani: kule pampu huandikwa wastani wa vipimo viwili, RON na MON, hicho cha pili kikiwa kikali zaidi na chenye namba ndogo. Namba 87 ya kwao ni karibu sawa na RON 91 au 92. Mtu akisoma kitabu kinachosema 91, kisha akasikia Mmarekani anajaza 87, asidhani ameruhusiwa kushuka.

Sasa mafuta yenyewe. Jumatano ya kwanza ya kila mwezi EWURA, mamlaka inayodhibiti nishati na maji, hutangaza bei kikomo, na kwenye jedwali la Mtwara au la Lindi petroli ina safu moja tu. Hukuti bei ya 91 hapa na ya 95 pale. Bandari ya Mtwara ni mojawapo ya tatu, pamoja na Dar es Salaam na Tanga, zinazopokea mafuta ya uagizaji wa pamoja, ambapo meli moja hushusha mzigo wa kampuni nyingi. Sheli mbili zinazotazamana zinaweza kuwa zimechota kwenye shehena moja. Kinachotofautisha petroli yenye jina la kifahari mara nyingi ni viungo vya kusafisha injekta na vali. Viungo hivyo vina kazi ya kweli, hasa kwa skuta ya injekta, ila mtu anapolipia usafi ajue analipia usafi.

(Ukitaka oktani ya kutisha, iko Msimbati chini ya ardhi. Gesi asilia kwa sehemu kubwa ni methani, ambayo oktani yake ni takriban 120, na inapita Madimba kwenda Dar es Salaam ambako bajaji zinaichoma. Skuta haina pa kuweka mtungi, basi turudi kwenye petroli.)

Ukishatoka mjini, tuseme unaelekea vijijini Tandahimba au unakata ndani baada ya Mtama, sheli zinaisha na meza za chupa zinaanza. Muuzaji wa chupa anaokoa watu, simlaumu kwa kuwepo. Lakini chupa angavu ya maji iliyokaa juani kutwa nzima inapoteza sehemu nyepesi za petroli kila kifuniko kikilegea, na mwanga unaharakisha gundi ile inayoziba jeti ya kabureta. Halafu kuna mchanganyiko. Mafuta ya taa yana oktani ndogo mno, na kiasi kidogo tu kinaishusha petroli pointi kadhaa. Mwaka 2011 serikali ilipandisha sana ushuru wa mafuta ya taa kusudi uchakachuaji usilipe, na vinasaba (kemikali za alama) huwekwa kwenye mafuta ili mkaguzi akipima tanki la sheli ajue kama limechezewa. Chupa ya mezani haipimwi na mtu. Mtu anaweza kubishana mwezi mzima kuhusu 91 na 95, kisha njiani akanunua kitu ambacho hakifiki hata 85.

Kipimo cha kienyeji kipo. Dondosha matone mawili kwenye karatasi nyeupe, iache kivulini. Petroli safi inakauka na kuacha karatasi karibu kama ilivyokuwa. Yenye mafuta ya taa inaacha doa la mafuta lisiloondoka na harufu inayong'ang'ania. Kwa injini yenyewe, fungua plagi. Kauri yake ikiwa ya kahawia hafifu, mambo ni shwari. Ikiwa nyeupe na ina vidoa vyeusi kama pilipili manga, au vichembe vinavyong'aa vya alumini, hivyo vichembe vimetoka kwenye pistoni, na ubishi wa namba umekwisha: injini imegonga muda mrefu bila wewe kusikia, kwa sababu kelele ya mkanda na plastiki ilikuwa inauficha mlio.

Hukumu yangu inaegemea kambi ya kwanza kwa skuta nyingi: soma kitabu, jaza namba hiyo kwenye sheli yenye wateja wengi, pesa ya "ile kali" nunulia plagi na filta ya hewa. Mwenye Vespa ya 10.5 yuko kambi ya pili kihalali, na akienda mbali ajaze tanki kabla ya kuondoka mjini. Akilazimika kununua chupa, aimimine juu ya petroli nzuri iliyobaki, asisubiri tanki likauke, kisha aendeshe bila kukamua mafuta mlimani.

Na vile vikopo vya kuongeza oktani vinavyouzwa kwenye maduka ya vipuri: "pointi 30" iliyoandikwa ubavuni mara nyingi ni 3 za kawaida, kwa hiyo 91 inakuwa 94, haiwi 121. Vingine vina manganizi au chuma ndani yake, navyo huacha utando mwekundu kwenye plagi, ambao fundi asiyeujua atasema ni kutu na kukuuzia plagi mpya.