Kidani Kilichogoma Puani

Naam, yule kwenye picha, aliyekazwa shanga usoni kama farasi aliyetiwa hatamu, ni mimi. Shoga yangu keshaisambaza na maelezo yake juu, basi nisikilizeni na mimi kabla hamjanipeleka malishoni.

Wiki tatu nilisuka kile kidani. Bomba la shanga za milimita 2, nane kila mzunguko, uzi wa nailoni uliopakwa nta. Wasukaji mnajua adha yake: mzunguko ukiisha, usiporudisha sindano kwenye ushanga wake wa kwanza, kazi yote inakwenda kombo. Nimefumua mara mbili. (Msiosuka rukeni hapo, aibu iko mbele.)

Ikabaki kumalizia. Vikofia vya kufunika ncha vilikuwa milimita 5 kwa ndani, bomba langu 6. Badala ya kutafuta vingine, nikajiona fundi: kifungo cha nini? Ncha za bomba la namna hii huumana kama meno ya zipu. Nikaziunganisha, nikaficha uzi ndani, nikatafuta kiungo kwa miwani nisikione. Nikajipongeza kwa sauti.

Kidani: sentimita 54. Kichwa changu, tulipopima baadaye: 57.

Kwenye paji kilipita kwa kusukumwa. Nikasema kinaenda hicho. Kwenye nyusi kikasita. Nikabana pumzi, ati kichwa kitapungua, nikavuta kwa mikono miwili. Jicho la kushoto likafumbwa. La kulia likabaki wazi ili lishuhudie. Sikio moja likapita, la pili likakunjika kama bahasha. Kikafika katikati ya pua, kikatulia. Kushuka hakitaki, kupanda, masikio yamekataa. Nikavuta tena kidogo tu, uzi ukalia kriii. Nikaganda pale mbele ya kioo, mikono juu, kama mtu aliyekamatwa.

“Hodi! Shoga, upo?”

Sikujibu. Akaingia hivyo hivyo. Simu ikatoka mkobani kabla pole haijatoka mdomoni.

Akachukua mkasi. Nikamwambia, basi kata kwenye kiungo, hapo hakutaharibika sana. Akanizunguka mara ya kwanza. Akanizunguka mara ya pili. “Kiungo kiko wapi?” Jamani. Nilikificha mno. Akakata alipopenda, shanga zikaruka hadi chini ya kitanda.

Mengine mafupi: nimefumua sentimita nne, nimepata vikofia vya milimita 7 na kifungo cha sumaku, na safari hii kila kikofia nimekishona kwa uzi kwanza, gundi ikafuata. Kinavalika. Kwa nyuma. Shingoni.

Pua bado ina alama za shanga. Na wewe uliyeniuliza faraghani kama natengeneza na hatamu za punda, nimekuona.