Mitumba haikuua pamba yetu

Mjadala wa viwanda vya nguo ukianza hapa Kisumu, haukawii kufika soko la Kibuye, kwa akina mama wa mitumba, eti ndio walioua pamba yetu. Mimi nakataa. Mama anayefungua robota alfajiri apate karo ya watoto hakuifunga Kicomi, kiwanda cha nguo cha hapa Kisumu.

Mwaka 2016 viongozi wa Afrika Mashariki walikubaliana kuachana na mitumba hatua kwa hatua. Marekani ikatishia kutunyima AGOA, mpango wake wa kuingiza bidhaa za Afrika bila ushuru, Kenya ikarudi nyuma. Rwanda ilishikilia msimamo, na mwaka 2018 nguo zake zikaondolewa kwenye msamaha huo wa ushuru. Lakini hata tungeshinda vita hivyo, tungevaa nini? Kuzuia robota bandarini hakufumi hata mita moja ya kitambaa.

Shida iko shambani. Kicomi ilianguka miaka ya 1990, soko lilipofunguliwa na pamba kukosa mwenyewe. Rivatex, kiwanda cha nguo cha Eldoret, nayo ilianguka, ikanunuliwa na Chuo Kikuu cha Moi mwaka 2007, na mwaka 2019 ikazinduliwa upya ikiwa na mashine za kisasa. Nilifurahi kweli kweli. Ila mashine hizo zinahitaji pamba, na mkulima wa Busia, Siaya au Homa Bay alishaikimbia. Alipalilia, akapulizia dawa, akachuma kwa mkono, akapeleka mzigo kupimwa, kisha akaambiwa asubiri pesa. Msimu wa pili akaambiwa vilevile. Akapanda mahindi, ambayo hata yasiponunuliwa yanaliwa. Nani atamlaumu?

Serikali iliruhusu mbegu ya pamba ya Bt mwishoni mwa 2019, ile iliyobadilishwa vinasaba ili istahimili funza wa vitumba. Ni hatua nzuri, lakini mbegu haimlipi mtu. Tena tunasahau kwamba ukichambua kilo 100 za pamba, nyuzi ni kama theluthi tu. Sehemu kubwa ya kilichobaki ni mbegu, ambayo inatoa mafuta ya kupikia na mashudu ya ng'ombe. Kiwanda cha kuchambua kinachouza nyuzi peke yake kinaacha mali sakafuni, halafu kinalia kwamba hakiwezi kumwongezea mkulima bei.

Na AGOA, tangu 2000? Imeleta ajira nyingi kwenye viwanda vya EPZ, yaani maeneo maalumu ya kutengeneza bidhaa za kuuza nje, na sizidharau. Ila masharti yake yaliruhusu kitambaa kitoke Asia. Suruali inaondoka Mombasa ikiitwa ya Kenya ilhali mkulima wa Nambale kule Busia hajauza hata kilo moja.

Mnunuzi wa uhakika tunaye hapa nyumbani. Polisi wanavaa sare, wanafunzi wanavaa sare, wagonjwa wanalalia mashuka. Tangu katiba ya 2010, hospitali nyingi ziko mikononi mwa kaunti, kwa hiyo magavana wa kanda ya ziwa hawana sababu ya kungoja Nairobi. Waketi pamoja, waandike mkataba mmoja wa miaka kadhaa wa mashuka na sare za wauguzi, na sharti liwe kitambaa kilichofumwa kwa pamba ya hapa. Mafundi wetu wa cherehani wapewe sehemu ya kushona. Mkulima naye alipwe kwa simu siku ileile pamba inapopimwa, kabla hajaondoka kwenye mizani. Kaunti ikishindwa na hilo la malipo, isimwombe mtu apande pamba.