Mchango wa Skani Upo, Vidonge vya Presha Hakuna

Kundi letu la familia kwenye WhatsApp liliwaka moto juzi. Hospitali moja ya binafsi hapa Mombasa imetoa tangazo: wenye miaka 60 kwenda juu wapigwe skani ya kichwa kwa bei nafuu, ujue mapema kama ubongo wa mzazi wako una makovu ya kiharusi cha kimyakimya. Magharibi haijaadhiniwa, namba ya M-Pesa imeshabandikwa na watu wanatuma kama ni harusi. Wa kupimwa ni mama mkubwa wetu wa Majengo. Nikauliza swali moja tu: vidonge vyake vya presha vipo? Kimya. Kumbe vimekwisha zamani, na hakuna aliyejali kwa sababu ati haumwi na kitu.

Makovu hayo ya ubongo tunayotishwa nayo yapo kweli, sibishi. Kishipa chembamba kichwani huziba, kipande kidogo cha ubongo kikafa, na mwenyewe asijue. Mkono haukulegea, ulimi haukuwa mzito, kaenda zake Kongowea kununua mboga. Kule Rotterdam, Uholanzi, watafiti waliwapiga picha wazee 1,077 wa miaka 60 hadi 90, na mmoja katika kila watano alikuwa na makovu hayo bila kuwahi kuugua kiharusi. Walipowafuatilia, wakatangaza mwaka 2003 kwamba mwenye kovu ana hatari ya kupata kiharusi chenyewe zaidi ya mara tatu kuliko asiyenalo. Hatari ya ugonjwa wa kusahau nayo ilizidi mara mbili. Kwa hiyo wale wa barazani wanaomcheka mwenzao akisahau zamu yake ya dhumna, "uzee huo bwana!", wapunguze kucheka.

Lakini niambieni, skani ikishaonyesha kovu, daktari atafanya nini? Dawa ya kufuta kovu hakuna. Atafunga kile kitambaa mkononi na kupima presha. Presha ndiyo inayoongoza katika kuviharibu vishipa hivyo, na mama mkubwa tunajua anayo miaka nenda miaka rudi! Tunachanga maelfu tukaambiwe tusilotaka kulifanya bure.

Maana kwetu dawa ya presha tunaifanya panadol. Kichwa kikigonga, kidonge, kikitulia, basi. "Daktari mwenyewe kasema iko sawa, ya nini kuendelea kula madawa?" Jamani, iko sawa kwa sababu ya hayo madawa! Mwengine anamgawia jirani vidonge vyake kama anavyomgawia mbaazi. Ramadhani ikiingia ndiyo balaa, mtu anaacha mwezi mzima kwa kisingizio cha saumu, ilhali vidonge vingi vya presha ni vya mara moja kwa siku na daktari anaweza kukupangia futari au daku. Muulize kabla mwezi haujaandama. Na hapo mezani pana ng'onda, achari, na chupa ya chumvi kando, isije chakula kikapoa kwa kukosa ladha.

Nchini Marekani, katika utafiti mkubwa uitwao SPRINT, kundi moja lilishushiwa ile namba ya juu ya presha hadi chini ya 120, jengine chini ya 140. Picha za ubongo zilizochapishwa 2019 zilionyesha kuwa kwa walioshushiwa zaidi, madoa meupe ya ubongoni, alama za vishipa vidogo vilivyochakaa, hayakuongezeka sana kama kwa wenzao. Vidonge tu hivyo. Haya, msikimbilie kumwongezea mzee dozi. Ikishushwa ovyo atapata kisunzi aanguke msalani. Apimwe kwanza. Wahudumu wa afya ya jamii walipewa mikoba yenye kipimo cha presha tangu 2023, wanapita mitaani, nasi tunawafungia mlango tukidhani wanauza kitu.

Sukari nayo ipimwe, sigara iachwe, na moyo unaodunda ovyo usikilizwe. Aspirini msimpe kwa kusikia, inaweza kumwaga damu.

Haya, nikubali, kwa shingo upande: skani ina siku yake. Mdomo ukienda upande ghafla, mkono ukaanguka, maneno yakakatika, usimwite mtu wa kusugua mafuta wala kusubiri kupambazuke. Kuna dawa ya kuyeyusha damu iliyoganda, lakini ni ndani ya saa nne na nusu tangu dalili zianze, na haitolewi mpaka skani ionyeshe kwamba mshipa haukupasuka. Wa Likoni mna ferri ya kuvuka, kwa hivyo nyinyi ndio msichelewe hata kidogo.

Na wenye ripoti za zamani za skani zilizolala chini ya godoro, zile alizopigiwa mzee siku alipoanguka na mkaambiwa "hakuna kubwa", zitoeni. Zipelekeni kliniki ya presha, daktari azisome pamoja na namba zake za leo.