Wagogo hawajashusha sauti

Mpiga kinanda akijaribu kuisindikiza ngoma ya Wagogo wa Dodoma, noti nne kati ya tano zitampa nafasi ya kujificha. Ya tano itamwumbua. Ni ile anayoitafutia ta, yaani ti iliyoshushwa. Atabonyeza ta yake, na waimbaji watatua chini yake kwa karibu theluthi ya nusu-toni, hatua ndogo kabisa ya kinanda. Mwalimu wa kwaya aliyekulia kwenye solfa, ile do-re-mi, atasema wanashusha, na atawarudisha mwanzo. Watatua palepale, bibi na mjukuu, wote kwa pamoja. Watu wanaokosea hawakosei kwa umoja namna hiyo.

Swali ambalo wachunguzi wa muziki wamelijadili kwa miongo mingi ni hili: noti hiyo imetoka wapi, na je, ilikuwapo kabla Mzungu hajafika na kinanda chake?

Jibu linalosikika zaidi linaanzia kwenye uzi. Uzi ukipigwa hautoi sauti moja. Juu ya sauti mama hupanda nyingine nyembamba, zinazotetemeka mara mbili, mara tatu, mara nne zaidi ya mama, na kuendelea. Wataalamu huziita hamoniki. Mchezaji wa ndono, upinde wa muziki wenye kibuyu, anazifahamu bila kuambiwa jina, kwani kazi yake ni kuzitafuta na kuzitoa moja moja. Gerhard Kubik, mtafiti kutoka Austria aliyezunguka Tanzania katika miaka ya 1960, alieleza kwamba skeli ya Wagogo, yaani mpango wa noti zao, imekaa juu ya ngazi hiyo, kuanzia hamoniki ya nne hadi ya tisa au ya kumi. Noti inayomtesa mpiga kinanda ni ya saba, inayotetemeka mara saba ya mama.

Hesabu zake si ngumu. Mwaka 1885 Mwingereza Alexander Ellis aliigawa oktavo, yaani kutoka do hadi do ya juu yake, katika vipande 1200 na kuviita senti (hazinunui kitu). Nusu-toni ya kinanda ina senti 100. Kutoka do, ta ya kinanda iko kwenye 1000, lakini hamoniki ya saba iko kwenye 969. Ukizipanga noti za Wagogo ndani ya oktavo moja, yaani do, re, mi, so na ta, kisha do ya juu, kinadharia hatua zake, kutoka noti hadi noti, zinatoka 204, 182, 316, 267 na 231. Hakuna hatua mbili zinazolingana.

Wanaoshikilia hoja hii ya maumbile, kwamba skeli imetoka kwenye uzi wenyewe, wana nguvu mahali ambapo wengine hatuna. Wamisionari wa Kianglikana walikuwa wamekwisha kufika Mpwapwa katika miaka ya 1870, na Hugh Tracey, mkusanyaji wa muziki wa Afrika, alipita Tanganyika na mashine yake ya kurekodi mwaka 1950. Katikati hapo kuna miaka zaidi ya sabini ya tenzi za kanisani. Mtu akidai kwamba alichorekodi Tracey kilikuwa tayari kimechanganyika na Uzungu, utamjibu kwa ushahidi gani? Kwa noti yenyewe. Kinanda hakiwezi kumfundisha mtu noti ambayo hakina. Kama Wagogo wangekuwa wameichukua skeli yao kanisani, ile ta ingekaa kwenye 1000. Haikai. Mimi naiona hoja hii kuwa nzito kuliko masimulizi mengi tunayoandikiana kuhusu asili ya muziki wetu.

Lakini neno “maumbile” nalo lina ujanja wake. Ukilitamka haraka, unakuwa umemnyang’anya Mgogo kazi yake. Ngazi ya hamoniki haiishii kwenye kumi. Ya kumi na moja ipo, na inaangukia karibu kabisa katikati ya fa na fi, yaani fa iliyopandishwa. Wagogo hawakuiingiza katika skeli yao. Nani aliamua waishie pale? Uzi hauamui. Na uzi wa Dodoma unatetemeka sawa na uzi wa Kampala, ilhali Waganda walikwenda njia nyingine kabisa.

Amadinda, marimba ya mbao ya Waganda, nayo ina noti tano katika oktavo, ila hatua zake zinakaribia kulingana, senti 240 kila moja. Klaus Wachsmann, aliyekuwa msimamizi wa jumba la makumbusho la Uganda, alipima ala nyingi na kukuta hatua zinazozunguka 240 bila kutua hapo kila mara. Hapo pia watu wanabishana. Kuna wanaosema lengo la fundi lilikuwa usawa na tofauti ni za mkono tu. Wengine wanaona kwamba 240 ni wastani uliozaliwa kwenye karatasi ya mpimaji. Vyovyote iwavyo, ngazi ya maumbile haikupi hatua tano zinazolingana. Nenda kusini hadi kwa Wachopi wa Msumbiji, ambao timbila zao, marimba za huko, zilikuwa zimekwisha kuandikwa na padre André Fernandes mwaka 1562, na utakuta hatua saba zinazokaribia kulingana, senti 171 hivi. Padre hakuacha kipimo cha noti hata moja, kwa hiyo barua yake inathibitisha ala, haithibitishi skeli.

Usawa huu ndio uliomfanya mtafiti wa muziki A. M. Jones aandike mwaka 1964 kwamba marimba za Afrika zilitoka Indonesia, kwa kuwa kule nako kuna skeli za namna hiyo. Namba zinafanana kweli. Lakini watu wawili wakikata muwa vipande vitano sawa haina maana kwamba mmoja alimwibia mwenzake kisu.

Nina shaka pia na yale maneno “kabla ya Wazungu” yanaposemwa kana kwamba yana maana ya “kabla ya wageni”. Ugogo ilikuwa njia kuu ya misafara kutoka Bagamoyo kwenda Tabora na Ujiji, na watemi wake walitoza hongo kwa kila aliyepita. Zeze la Wagogo lenyewe, kwa kuwa linapigwa kwa upinde, wachunguzi wengi wanalihusisha na biashara ya Waarabu. Basi ala huenda ni ya mgeni, lakini ikashikwa masikio na kufundishwa kuimba Kigogo. Mwanamuziki wa Kigogo Hukwe Zawose, aliyefariki mwaka 2003, alipanda majukwaa ya Ulaya na ilimba yake, ala ya vibao vya chuma vinavyopigwa kwa vidole gumba, na zeze lake bila kuzihamishia kwenye noti za piano.

Siku hizi ilimba nyingi zinazouzwa zimepangwa kufuata kinanda ili zicheze na gitaa, na siwezi kumlaumu fundi anayetafuta mkate. Ila kuna vinanda vilivyotengenezwa kwa ajili ya muziki wa Kiarabu, vyenye vitufe vya kupandisha au kushusha noti moja moja kwa senti. Mpiga kinanda wa Dodoma akikipata, aongeze re 4 na so 2, apunguze mi 14, na ile ta aishushe 31. Kisha awaambie bibi na mjukuu waanze.