Tuulize Kilichotokea, Tuache Kuuliza "Unaonaje"

Mama aliyejifungua jana, bado yumo wodini na mtoto yuko mapajani, ukimuuliza "Huduma umeionaje?" atakujibu nzuri, tunashukuru. Angejibu nini kingine, na muuguzi wa zamu yuko hatua chache kutoka kitandani? Muuguzi naye ukimuuliza changamoto za kazi yake atakutajia zile zile: watumishi wachache, vifaa haba, wagonjwa wengi. Ni kweli tupu. Lakini majibu hayo tumeyaandika katika ripoti nyingi mno, na bado hayamwelekezi mganga mfawidhi aanze kurekebisha wapi kesho asubuhi.

Ndiyo maana naitetea mbinu ya matukio muhimu. Humwombi mtu maoni. Unamwomba akusimulie tukio moja alilolishuhudia au lililompata, ambalo lilisaidia au liliharibu: ilikuwa zamu gani, nani walikuwepo, nani alifanya nini, kisha ikawaje.

Aliyeiweka mbinu hii kwenye maandishi ni mwanasaikolojia Mmarekani John Flanagan, katika makala yake ya mwaka 1954, lakini chimbuko lake ni Vita Kuu ya Pili. Jeshi la anga la Marekani lilichunguza wanafunzi 1,000 wa urubani walioachishwa mafunzo mwaka 1941. Sababu zilizoandikwa na wakufunzi zilikuwa za jumla jamala: hana uamuzi mzuri, hana kipaji cha kurusha ndege, maendeleo hayatoshi. Hakuna aliyeandika kijana alifanya nini hasa siku ile angani. Nikisoma orodha hiyo naziona ripoti zetu zinazosema "mtazamo hasi wa watumishi".

Hospitalini mfano ninaoupenda ni wa Boston. Mhandisi Jeffrey Cooper, pamoja na wenzake, waliwahoji madaktari wa usingizi kuhusu visa vya hatari vilivyowapata chumba cha upasuaji. Katika ripoti yao ya mwaka 1978 walikuwa na visa 359 vilivyoweza kuzuilika, na asilimia 82 kati yake vilihusisha makosa ya kibinadamu. Ila thamani ya kazi ile, kwangu mimi, haiko kwenye asilimia hiyo. Iko kwenye visa vyenyewe: mrija wa kupumulia uliochomoka, bomba la sindano lililochukuliwa badala ya jingine. Mrija unaochomoka unaweza kuutafutia kiungio kinachoshika na kengele ya kuonya. Neno "uzembe" huwezi kulitafutia kengele.

Sasa, kwetu kuna jambo la mahali na wakati wa kuuliza. Utafiti uliofanywa katika wilaya za Korogwe na Muheza, mkoani Tanga, ukachapishwa mwaka 2014, uliwauliza wanawake kama walidharauliwa au kutendewa vibaya wakati wa kujifungua. Walioulizwa wakitoka kituoni, takriban asilimia 19 walisema ndiyo. Walipofuatwa nyumbani wiki kadhaa baadaye, ikawa asilimia 28. Ule ulikuwa utafiti wa hojaji, lakini funzo lake ni la kila anayekusanya masimulizi. Flanagan alitaka tukio lisimuliwe likiwa bado bichi, kwa kuhofia kumbukumbu. Hofu hiyo ni ya haki. Lakini mimi ningemfuata mama kwake, barazani, hata kama amesahau saa kamili, kuliko kumhoji kituoni anapokumbuka kila kitu na hathubutu kusema.

Pia tuulize mema, na tusifanye hivyo kwa adabu tu. Mkunga aliyeona damu inazidi, akaita gari la wagonjwa kabla hajaruhusiwa na mtu, alifanya jambo linaloweza kufundishwa kwa wengine. Tukikusanya mabaya peke yake, watumishi wataona tumekuja na orodha ya mashtaka, na hawatatusimulia tena.

Kuna wanaosema tukio lisilo na mwanzo na mwisho unaoeleweka litupwe. Siafiki. Watafiti wa uuguzi wa Uingereza walionyesha mwaka 1992 kwamba wagonjwa mara nyingi hawaleti kisa kilichokatwa vizuri; wanaleta mambo mengi yaliyorundikana siku baada ya siku hadi yakawa na uzito. Mgonjwa wa kifua kikuu anayefuata dawa kila mara hatakuwa na siku moja ya kusimulia. Ana namna anavyopokelewa dirishani. Msikilize, kisha umwombe akusimulie safari moja tu kati ya hizo.

Linalonisumbua zaidi ni siri. Tukio lina sura kuliko maoni. Zahanati yenye watumishi wanne, ukiandika "usiku umeme ulipokatika, mama wa pacha", kijiji kizima kimeshajua ni nani. Kuficha jina hakutoshi hapo. Badilisha au ondoa alama zote zinazomtambulisha, msomee msimulizi kile utakachokichapisha, na akisema hiki kitoe, kitoe. Kamati za maadili zinazotoa vibali zimtake kila mtafiti aeleze mapema atafanyaje hayo, na aeleze pia kwa maandishi kwamba kisa hakitapelekwa kwa mwajiri kama ushahidi wa nidhamu, na ni hatari gani kwa mgonjwa ingemlazimu kuvunja ahadi hiyo. Muuguzi ayasikie yote mawili kabla hajafungua mdomo.