Kabla ya Kulipia Kiwanja, Lipia Uhakiki

Kila Jumamosi asubuhi, katika vituo vya daladala vya Goba, Madale, Chanika na Kibada, utawakuta watu waliovaa viatu vya kutembelea vumbini wakimsubiri dalali. Watalipa hela ya kuoneshwa, watapandishwa bajaji, watafika kwenye kiwanja na kuanza kuuliza yale ambayo kila mmoja wetu huuliza: maji yapo, umeme umefika, gari linaingia, bei inapungua? Nimekuwamo katika misafara hiyo mara nyingi, kwa ajili yangu mwenyewe na kwa ajili ya ndugu, na ni mara chache mno nilizomsikia mnunuzi akiuliza lile swali ambalo lingemwokoa: huyu anayeuza ana mamlaka gani ya kuuza?

Maoni yangu ni kwamba anayetaka kununua nyumba au kiwanja jijini Dar es Salaam atenge fungu la uhakiki kabla ya kutenga fungu la kianzio, na asijihesabu kuwa amenunua siku anapokabidhi fedha, bali siku jina lake linapoingia katika daftari la Msajili wa Hati. Wahenga walisema mali bila daftari hupotea bila habari, na katika ardhi daftari linalohesabika ni la serikali, hata kama wewe una karatasi kumi kabatini. Chini ya Sheria ya Ardhi Na. 4 ya mwaka 1999, iliyoanza kutumika Mei 2001, ardhi yote ya Tanzania ni ya umma na Rais ndiye mdhamini wake. Tunachouziana sisi ni haki ya kuitumia kwa muda uliowekwa, ambao kwa hati za mjini huwa ni miaka 33, 66 au 99. Ndiyo maana mnunuzi wa nyumba yenye hati anapaswa kusoma hata tarehe ambayo muda huo ulianza kuhesabiwa, kwa kuwa ananunua miaka iliyosalia, na nyumba nzuri juu ya hati iliyobakiwa na miaka michache haistahili bei ya nyumba hiyohiyo juu ya hati changa.

Nirudi kwa muuzaji, kwani hapo ndipo wengi huumia. Miaka kadhaa iliyopita nilikaribia kulipia kiwanja chenye pagale lililokwisha kufika kwenye lenta, upande wa Madale. Muuzaji alikuwa kijana mpole, mwenye karatasi ya mauziano ya serikali ya mtaa iliyoandikwa jina la marehemu baba yake, na bei yake ilikuwa ya chini kidogo kuliko ya majirani. Nilipomwomba Fomu Namba 4, yaani ile barua ya usimamizi wa mirathi inayotolewa na Mahakama ya Mwanzo, alinijibu kwamba familia imekwisha kukubaliana, na siku ya pili akaniletea muhtasari wa kikao wenye saini tano. Saini zile zilikuwa za majina tofauti, lakini wino ulikuwa mmoja na mkono ulikuwa mmoja. Nilikwenda kununua vitumbua kwa mama mmoja aliyekuwa akikaanga hatua chache kutoka pale, nikamwambia kwamba huenda tukawa majirani. Aliniangalia, akageuza kitumbua, akaniuliza, "Mwanangu, wale wa mama mkubwa walioko Tanga wameambiwa?" Sikuhitaji maelezo zaidi: marehemu alikuwa na watoto wengine, wa mke mkubwa. Mpaka leo naamini kwamba jirani wa miaka mingi ndiye mshauri wa kwanza wa mnunuzi, na hatozi ada.

Kisheria, mali ya marehemu haiuzwi na mtoto mkubwa, wala na mjane peke yake, wala na kikao cha ukoo. Huuzwa na msimamizi wa mirathi aliyeteuliwa na mahakama, na hata huyo ni busara aambatane na ridhaa ya warithi iliyoandikwa na kusainiwa mbele ya wakili. Asiyefanya hivyo anajiweka katika hatari ya muda mrefu, kwa sababu ukomo wa madai ya kurudishiwa ardhi ni miaka 12. Katika muda huo mtu amekwisha kujenga, kuweka vigae na kuozesha binti, ndipo anapoletewa wito wa Baraza la Ardhi na Nyumba la Wilaya.

Kwa mwenye ndoa hali ni hiyohiyo. Kifungu cha 59 cha Sheria ya Ndoa ya mwaka 1971 kinamzuia mume au mke kuuza au kuweka rehani nyumba ya ndoa bila ridhaa ya mwenzake, hata kama hati ina jina moja tu. Wapo wauzaji watakaokuambia kwamba mke hakuchangia hata tofali moja. Wakumbushe kwamba mwaka 1983, katika shauri la Bi Hawa Mohamed dhidi ya Ally Sefu, Mahakama ya Rufani ilikubali kwamba kazi za nyumbani za mke ni mchango katika mali ya familia. Ukiambiwa mke yuko safarini, subiri arudi; na kama ni mume mwenye wake zaidi ya mmoja, uliza ni yupi anayeishi katika nyumba hiyo, kisha umsikilize mwenyewe akitamka kwamba ameridhia.

Baada ya mtu, zitazame karatasi. Hati miliki ndiyo yenye nguvu kuliko zote. Chini yake ipo barua ya toleo, ambayo mtaani tunaiita ofa, kisha leseni ya makazi, ambayo ni ya muda mfupi na hutolewa katika maeneo yasiyopimwa, na mwisho kabisa ni ile karatasi ya mauziano yenye mhuri wa mtaa. Mhuri wa mwenyekiti wa mtaa unaonesha kwamba mauziano yalifanyika mbele yake. Hauwezi kumpa muuzaji haki ambayo hakuwa nayo. Kuhusu mazoea ya kudai asilimia 10 ya bei kwa ajili ya mhuri huo, mimi sijaona kifungu chochote cha sheria ya ardhi kinachomlazimisha mnunuzi kuilipa. Hata hivyo, siwezi kusema kwamba eneo lisilopimwa lisinunuliwe kamwe, kwa sababu sehemu kubwa ya jiji hili ilijengwa hivyo na watu wamelea watoto humo. Ninachosema ni kwamba bei yake lazima ibebe gharama ya upimaji au urasimishaji utakaokuja, na kwamba muuzaji asiye na hati hana sababu ya kudai bei ya mwenye hati.

Kama hati ipo, usitosheke na nakala, hata ile asilia iliyo mkononi mwa muuzaji isikutoshe. Omba upekuzi rasmi kwa Msajili wa Hati, ulipe ada yake kwa namba ya malipo ya serikali, na usome majibu yake neno kwa neno: mmiliki aliyesajiliwa ni nani, je, kuna rehani ya benki, kuna zuio lililowekwa na mtu anayedai maslahi, pango la ardhi, yaani malipo ya kila mwaka kwa serikali, limelipwa hadi mwaka gani? Kisha mlipe mpima ardhi mwenye leseni aende na ramani ya upimaji kuyatafuta mawe ya mipaka, kwa sababu siyo jambo geni kwa mtu kuoneshwa kiwanja namba 45 huku hati aliyoshika ni ya namba 54, na dalali akaapa kwamba ni kosa la uchapaji. Katika halmashauri, omba pia kuoneshwa mchoro wa mipango miji. Huko ndiko utakakojua kwamba uwanja ule mzuri wenye miembe umetengwa kwa ajili ya shule au barabara. Kazi hizi zote, pamoja na ada ya wakili, ni sehemu ndogo ya bei ya kiwanja, lakini watu wanaotoa milioni arobaini bila kutetemeka huona uchungu wa kutoa laki chache kwa ajili ya kuhakiki. Sijawahi kuuelewa uchungu huo.

Ardhi yenyewe nayo ina masharti yasiyoonekana kwa macho. Sheria ya Barabara ya mwaka 2007 ilipanua hifadhi ya barabara kuu na za mikoa kutoka mita 22.5 hadi mita 30 kila upande, zikihesabiwa kutoka katikati ya barabara, na ziko barabara ambazo hifadhi yake ni kubwa kuliko hapo. Waliokuwa kando ya Barabara ya Morogoro mwaka 2017, kuanzia Kimara kuelekea Kiluvya, waliziona nyumba zikiwekwa alama ya X na baadaye zikianguka, na kati yake zilikuwamo nyumba za watu waliokaa hapo kwa miaka mingi. Sheria ya Mazingira ya mwaka 2004 nayo inazuia shughuli za kudumu ndani ya mita 60 kutoka ukingo wa mto au ufuko wa bahari. Kuhusu maji ya mvua, sina ushauri wa kitaalamu zaidi ya huu: kiwanja ulichokipenda Septemba kitazame tena Aprili, masika yakiwa yamekolea, na uvae mabuti. Baada ya mafuriko ya Desemba 2011, wakazi wengi wa bonde la Msimbazi walihamishiwa Mabwepande. Mabonde yale yalikuwa yakionekana makavu na ya kuvutia kwa sehemu kubwa ya mwaka.

Sasa fedha. Bei unayotajiwa na muuzaji siyo gharama utakayoingia. Ushuru wa stempu ni asilimia 1, kisha kuna uthamini, ada za kuidhinisha na kusajili uhamisho, na kodi ya ongezeko la thamani ya mtaji, ambayo kwa muuzaji mkazi ni asilimia 10 ya faida aliyoipata. Kodi hiyo ya mwisho ni ya muuzaji, lakini wauzaji wengi husema kwamba bei yao ni ya kupokea mkononi, maana yake wewe ndiye utakayeibeba. Basi iandikwe katika mkataba ni nani analipa nini, kabla hamjapeana mikono. Mimi hutenga kama sehemu moja ya kumi ya bei kwa ajili ya mambo hayo, na haijawahi kubaki nyingi.

Wapo wanaouliza kama ni bora kukopa benki. Mikopo ya nyumba ya muda mrefu imewezekana zaidi tangu kutungwa kwa sheria ya mikopo ya nyumba ya mwaka 2008, lakini riba bado ni nzito. Chukua mfano wa mkopo wa shilingi milioni 100 kwa riba ya asilimia 15 kwa mwaka, utakaolipwa kwa miaka 20: kila mwezi utatoa takriban shilingi 1,317,000, na mwisho wa safari utakuwa umelipa takriban milioni 316. Siwakatazi watu, kwani anayelipa kodi kubwa ya pango kila mwezi huenda akaona nafuu, ila afanye hesabu hii kwa kalamu yake mwenyewe asitegemee kipeperushi. Kwa walio wengi, benki yetu ni pagale: msingi mwaka huu, tofali mwaka kesho, bati ukipata malimbikizo. Sioni aibu katika njia hiyo. Kasoro yake ni kwamba tunaharakisha msingi na kuahirisha hati, wakati hati nyingi za makazi hubeba sharti la kuendeleza kiwanja ndani ya muda maalumu, mara nyingi miezi 36, na nondo zilizoachwa juani nazo hazisubiri.

Katika malipo, fedha zipite benki kwenda kwenye akaunti yenye jina lilelile lililo kwenye hati, na sehemu ya bei ibaki kwa wakili hadi uhamisho usajiliwe. Muuzaji mwema atanung'unika kidogo kisha atakubali. Anayekataa kabisa kuacha hata kidogo amekwisha kukuambia jambo la kukufaa.

Nina neno kwa ndugu zetu walioko Muscat, Dubai, London na kwingineko wanaotuma fedha nyumbani. Kiwanja kilichoandikwa jina la kaka yako ni cha kaka yako. Akitutoka, watoto wake watakiorodhesha katika mirathi yake kwa nia njema kabisa, na wewe ndiye utakayeonekana mporaji wa mali ya yatima. Mpe kaka hati ya uwakili iliyosajiliwa, akanunue kwa jina lako. Na kama umekwisha kuuacha uraia wa Tanzania, usimfiche wakili jambo hilo, kwa sababu umiliki wa ardhi nchini kwa asiye raia una masharti yake.

Sisi nyumbani tuliandika majina mawili, langu na la mke wangu, na kila mmoja ana wosia wake. Faili lenye nakala za hati, ramani, majibu ya upekuzi na stakabadhi za pango la ardhi liko kwa dada yangu Morogoro, kwa kuwa nyumba inaweza kuungua pamoja na karatasi zake. Kodi ya jengo tangu mwaka 2021 hukatwa kwenye umeme wa LUKU, kwa hiyo hiyo haitusumbui, ila pango la ardhi bado linahitaji mtu wa kulikumbuka. Mwaka huu nilimpa kijana wetu mkubwa fedha na karatasi ya pango hilo, nikamwambia aende akaombe namba ya malipo mwenyewe. Alirudi jioni analalamikia foleni, lakini namba ya kitalu na ya kiwanja alikuwa amezishika kichwani.