Mbwa wa Kupita: Je, Kumlea kwa Muda ni Kumuumiza Mara Mbili?

Kuna swali ambalo halimkosi mtu yeyote aliyewahi kumchukua nyumbani mbwa aliyeokolewa, amtunze wiki kadhaa huku akitafutiwa familia ya kudumu. Huulizwa kwa upole, na upole huo ndio unaochoma. Mbwa huyu ameshatupwa mara moja, muulizaji husema. Wewe unampa mahali pa kulala, unampa jina, unamzoesha mlio wa funguo zako mlangoni, halafu siku ikifika unamkabidhi kwa watu asiowajua. Si unamtupa mara ya pili? Kumwonjesha asali kisha kumpokonya mzinga, si afadhali asingeonja kabisa?

Hoja hiyo naiheshimu, kwa sababu anayeitoa mara nyingi ni mtu anayewapenda mbwa kwelikweli. Wanaowachukia hawajisumbui nayo. Hata hivyo ina kasoro ya vipimo. Inaupima ulezi wa muda kwa siku moja tu, ile ya kuagana, na kuziacha siku nyingine zote 40 au 60 bila hesabu. Tena inalinganisha nyumba ya mlezi na familia ya kudumu, ilhali familia hiyo bado haijapatikana. Kilichopo leo, mbwa huyu asipopata mlezi, ni kizimba cha kituo cha kuhifadhi mbwa waliookolewa.

Na kizimba, hata katika kituo chenye watu wema, ni mahali pagumu. Kelele za mbwa wanaobweka ndani ya majengo yale zinaweza kupita desibeli 100. Taa huwashwa na kuzimwa kwa ratiba isiyomhusu, miguu ya wageni inapita, harufu za mbwa wengine hazikatiki. Mwaka 1997 watafiti wa Marekani walipima kotisoli, homoni inayopanda mwili unapokuwa na msongo, katika damu ya mbwa waliofikishwa kituoni. Katika siku tatu za mwanzo kiwango kilikuwa karibu mara tatu ya kile cha mbwa waliopimwa majumbani kwao.

Sasa tuje kwenye mzinga wenyewe. Mwaka 2019 watafiti wakiongozwa na Lisa Gunter walichapisha utafiti wa mbwa 207 kutoka vituo vitano vya Marekani. Kila mbwa alipelekwa kulala nyumbani kwa mtu usiku mmoja au mbili, kisha akarudishwa. Kotisoli ilipimwa kwa mkojo kabla, wakati na baada. Nyumbani ilishuka, na mbwa walipumzika kwa vipindi virefu kuliko walivyoweza kizimbani. Waliporudishwa ikapanda tena. Ilipanda hadi pale ilipokuwa mwanzo, haikuzidi.

Wapo wanaoisoma sentensi hiyo ya mwisho kama kushindwa: kumbe faida imeyeyuka! Mimi naisoma kinyume. Kama kuonja nyumba na kunyang'anywa kungekuwa jeraha jipya juu ya lile la zamani, hapo ndipo lingeonekana, mbwa angerudi akiwa na msongo mkubwa kuliko alioondoka nao. Hakurudi hivyo. Alipata usingizi wa siku mbili, akarejea palepale. Mtu hamkatalii mwenzake aliyechoka usingizi wa leo kwa sababu kesho kuna kazi.

Ila usiku mbili si miezi miwili, na hapa mpinzani ana haki ya kunishika mkono. Mbwa aliyekaa nawe wiki nane amekuzoea kwa kiwango ambacho utafiti ule haukukipima. Anajua hatua zako. Anakusubiri mlangoni. Kumtoa hapo si jambo dogo, na mlezi anayedai kwamba mbwa wake wote huondoka wakitikisa mkia ama ana bahati sana ama hakutazama nyuma.

Bado kuna jambo linalonifariji kidogo. Mwaka 2001 watafiti wa Hungary walifanya majaribio na mbwa wakubwa wa vituoni. Mtu mmoja alikaa na mbwa dakika kumi tu kwa siku, siku tatu mfululizo, basi. Mbwa hao walipopimwa, walionyesha kumwambata mtu huyo zaidi ya mgeni. Nusu saa yote kwa jumla! Makali yake yako pande mbili, nakubali. Mpinzani atasema: unaona wanavyofungamana upesi, basi kuvunja ni ukatili. Nami nasema: unaona wanavyofungamana upesi, basi hata mbwa mkubwa aliyetupwa hajapoteza uwezo wa kuanza tena, na kuanza kwake na mlezi hakumalizi akiba aliyonayo kwa ajili ya familia ijayo.

Lakini mabishano haya yote ya moyo yanaficha kitu ambacho kwangu ndicho uzito wa jambo zima. Nyumba ya mlezi, pamoja na kumpumzisha mbwa, humwezesha ajulikane.

Wahenga walisema mgeni siku mbili, siku ya tatu mpe jembe. Kwa mbwa aliyeokolewa jembe huja baadaye zaidi. Siku za kwanza wengi wao hujikunja: hawabweki, hawagusi kitu, wanalala pembeni kama wameomba ruhusa ya kuwepo. Watu humsifu, “mbwa mtulivu kweli.” Utulivu huo mara nyingi ni woga. Ikifika wiki ya pili au ya tatu ndipo anapojitokeza mwenyewe, yule anayelinda bakuli lake kwa kunguruma, anayetafuna mlango akiachwa peke yake, au yule mchekeshaji ambaye hakuna aliyejua yumo. Kuna kanuni inayozungushwa na waokoaji: siku tatu za kutuliza woga, wiki tatu za kuzoea ratiba, miezi mitatu ya kujiona yuko kwao. Ni ukumbusho wa kuvumilia tu, haina vipimo nyuma yake, na kila mbwa ana kalenda yake. Ila mwelekeo wake ni sahihi.

Vituo vimejaribu kuupata ukweli huo kwa njia ya mkato: mbwa anaingizwa chumbani, anachokozwa kwa mkono wa bandia huku akila, anaonyeshwa mbwa mwingine, anapewa alama. Mwaka 2016 watafiti Gary Patronek na Janis Bradley walizichambua hesabu za vipimo hivyo na kuonyesha kuwa katika kutabiri ukali utakaotokea nyumbani, havina tofauti kubwa na kurusha sarafu. Wala haishangazi. Unampima kiumbe katika saa mbaya kuliko zote za maisha yake, kisha unaandika matokeo kama tabia yake.

Mlezi hahitaji mkono wa bandia. Anajua kwamba mbwa huyu anapanda ngazi lakini anaogopa kushuka. Anajua ngurumo za mvua zinamtia kiwewe na sauti ya fagio inamfanya ajifiche chini ya kitanda, jambo ambalo huenda linasimulia alikotoka. Anajua kama anaweza kukaa peke yake saa tatu bila kulia, anavyomtazama paka, anavyompokea mtoto anayekimbia. Familia inayomchukua mbwa ikiwa na maelezo kama hayo inajua inachoingia. Ile inayomchukua kwa picha na sentensi mbili inabahatisha, na ikibahatisha vibaya mbwa anarudishwa. Kurudishwa huko, si kuagana na mlezi, ndiko ninakokuita kutupwa mara ya pili.

Nigeukie sasa takwimu inayopendwa na upande wetu, maana nimeiona ikitumiwa ovyo. Mwaka 2023 Gunter na wenzake walichapisha kazi kubwa zaidi: mbwa 1,955 kutoka vituo 51, wakalinganishwa na mbwa 25,946 wa vituo hivyohivyo. Waliotolewa matembezi mafupi walikuwa na uwezekano wa kuchukuliwa na familia ya kudumu mara 5 zaidi. Waliokwenda kukaa kwa mlezi kwa muda mfupi, mara 14.3.

Mara kumi na nne! Idadi ya kumfanya mtu aache kufikiri. Tuifikirie hata hivyo. Mbwa ambaye nafasi yake ni nusu kwa nusu hawezi kuzidishiwa nusu hiyo mara 14. Hakuna mbwa anayechukuliwa mara saba. Idadi kama hiyo ina maana tu ikisomwa kama uwiano wa wanaochukuliwa kwa wasiochukuliwa. Mmoja kwa mmoja inakuwa 14 kwa mmoja, yaani kutoka 50 hadi takriban 93 katika kila mia. Kwa mbwa kijana, mzuri wa sura, ambaye tayari ana nafasi 90 katika mia, inampeleka 99: hakukihitaji kitanda chako sana. Lakini chukua mbwa mzee mwenye mvi mdomoni, mweusi, mwenye woga, ambaye nafasi yake ni 10 katika mia. Kwa uwiano uleule anafika kama 61. Takwimu ni moja, ila neema imemwangukia huyu wa mwisho, na kama kuna kitu ningependa vituo vikisome humo ni hicho.

Je, niiamini yote? Siiamini. Mbwa hawakuchaguliwa kwa bahati nasibu. Mfanyakazi wa kituo akiulizwa ampe nani mlezi, mkono wake unamwendea mpole, na mbwa ambaye tayari ameonekana hatari haondoki kizimbani. Sehemu ya zile 14 ni ya uchaguzi huo. Kwa upande wa pili, watafiti wenyewe wanasema waliopelekwa kwa walezi walikuwa wamekaa kituoni muda mrefu kuliko wengine hata kabla ya kutolewa, kwa hiyo hawakuwa wale wanaonyakuliwa siku ya kwanza. Kwa tahadhari tuikate idadi hadi theluthi moja. Yule mzee bado anatoka kumi katika mia na kufika karibu thelathini na tano. Kwa ajili ya hilo tu ningetandika mkeka.

Hoja nyingine za upande wa pili ni za vitendo, na baadhi yake ni nzito kuliko ile ya asali. Mbwa asiyejulikana alikotoka anaingia na visivyojulikana. Virusi vya parvo, vinavyowaletea mbwa ugonjwa hatari wa kuharisha, hukaa kwenye udongo na sakafu miezi mingi, hata mwaka, na nyumba iliyowahi kuwa na mgonjwa si mahali pa mtoto wa mbwa ambaye hajamaliza chanjo. Kichaa cha mbwa hakina mzaha: dalili zikishaanza kwa binadamu, karibu wote hufa, na hadi asilimia 99 ya maambukizi kwa watu hutoka kwa mbwa. Kuuliza cheti cha chanjo kabla mbwa hajavuka kizingiti ni haki ya mlezi na ya majirani zake, na mbwa akimng'ata mtu, kidonda kioshwe mara moja kwa maji mengi na sabuni, aliyeng'atwa aende hospitali, na mbwa aangaliwe siku kumi bila kutolewa kwa yeyote. Mbwa mwenyeji naye ana maoni yake. Hakuulizwa.

Halafu kuna hoja ambayo walezi wenzangu hawapendi kuisikia, nayo naiona ya kweli: mlezi hugeuka bawabu. Anakuja mtu kumwona mbwa, mlezi anamkuta na kasoro. Huyu anafanya kazi mchana, yule ana watoto wadogo, wa tatu hakumkumbatia vizuri. Mbwa aliyetakiwa kukaa wiki sita anafikisha miezi minane, na aliye kizimbani akisubiri nafasi yake anaendelea kusubiri. Mwingine anaamua kumbakiza moja kwa moja. Waokoaji humtania kwamba amefeli ulezi, na mara nyingine kufeli huko ni heri tupu. Ila kitanda kimejaa, na kituo kimepoteza mlezi. Kwa hiyo neno la mwisho kuhusu nani amchukue mbwa ningeliacha kwa kituo, mlezi akiwa shahidi. Wala nisingempa mlezi wa mara ya kwanza mbwa aliyewahi kung'ata, hata kituo kiwe kimefurika.

Kwa watoto wa mbwa, kwa upande mwingine, sioni mjadala. Kuanzia wiki ya 3 hadi takriban ya 14 ndipo mbwa hujifunza ni kitu gani duniani ni cha kawaida: mashine inayonguruma, mtu mwenye kofia, zulia, mwavuli. Anayezipitisha wiki hizo akiwa nyuma ya wavu harudishiwi.

Nirudi kwenye siku ya kuagana, maana ndiko tulikoanzia. Inaweza kufanywa vibaya: mlezi analia, anamkumbatia mbwa kwa nguvu, mbwa anashika hofu yake na kuondoka nayo. Inaweza pia kufanywa polepole. Familia mpya inakuja mara mbili tatu kabla, inatembea naye, inamlisha kwa mkono wake. Siku yenyewe anaondoka na blanketi lake ambalo halijafuliwa, lenye harufu ya mahali alipolala salama, pamoja na chakula kilekile alichozoea, na karatasi iliyoandikwa kwa mkono: anakula saa ngapi, anaitikia neno gani, wapi hapendi kuguswa, na kwamba mvua ikinyesha usiku mwachieni mlango wa chumba wazi.